Kufufua Gari Kuukuu la Zimamoto Tanga: Anza na Kibati cha Kiwanda

Gari kuukuu la zimamoto lililosahauliwa nyuma ya kiwanda au kwenye banda la shamba la mkonge kwa kawaida halikwami kwa injini. Injini ni ya lori, na fundi wa lori Tanga hakosi pa kupata spea ya lori. Linakwama kwa pampu: sili ya shafti inavuja, praima (kifaa cha kutoa hewa ili pampu ivute maji) haivuti, kapilingi (kiungio cha mpira wa maji) moja haipo, na kila anayeulizwa anasema spea hakuna. Mara nyingi spea ipo. Kinachokosekana ni jina sahihi la kiwanda, kwa kuwa gari la zimamoto ni kazi ya viwanda vitatu na watu huuliza kimoja tu, kile chenye nembo mbele ya kabini.

Ndiyo maana hapa tunaanza na historia kabla ya spana. Ukijua nani aliunda nini, na kampuni yake iliuzwa kwa nani, unajua pia michoro na spea zilielekea wapi.

Viwanda vitatu, vibati vitatu

Chesisi, yaani fremu, injini, giaboksi na ekseli, hutoka kwa watengenezaji wa malori kama Bedford, Isuzu, Hino, Mercedes-Benz au Magirus-Deutz. Pampu hutoka kwa kiwanda cha pampu. Bodi, yaani tangi, makabati ya vifaa, mabomba na wakati mwingine kabini yenyewe, huundwa na kiwanda cha tatu, na hicho ndicho huunganisha vyote na kuliuza gari. Wachache, kama Dennis wa Guildford nchini Uingereza na Seagrave wa Marekani, walijiundia sehemu kubwa ya gari wenyewe. Hata kwa hao usikisie, tafuta kibati.

Kibati cha chesisi kitafute mlangoni kwa dereva, chini ya kiti, na kwenye fremu karibu na gurudumu la mbele. Cha pampu hupigwa ripiti kwenye paneli ya geji au kwenye mwili wa pampu. Cha bodi ndicho kinachopotea zaidi, kwa sababu gari la zimamoto hupakwa rangi nyekundu tena na tena, na anayepaka hufunika kila kitu. Pitisha kidole nyuma ya milango ya makabati na pembeni mwa tangi. Ukihisi mstatili ulioinuka wenye ripiti nne pembeni, hicho hapo. Toa rangi kwa dawa ya kulainisha rangi na mswaki wa meno. Brashi ya waya na msasa ni mwiko, maana maandishi ya vibati vya zamani yamechongwa kina kidogo sana na msasa huyamaliza kwa dakika moja. Kisha sugua chaki nyeupe juu yake, futa kwa kiganja, na piga picha huku tochi ikimulika kutoka ubavuni, si kutoka mbele.

Kama kibati cha pampu hakipo, soma chuma chenyewe. Herufi na namba zilizoinuka kwenye mwili wa pampu zilitoka kwenye kalibu, yaani umbo la kumiminia chuma, kwa hiyo hazipotei. Angalia lakini usichanganye: namba iliyoinuka ni ya kalibu, na pampu mamia zinayo hiyo hiyo. Namba ya pampu yako ni ile iliyogongwa kwa nyundo na chapa ikazama ndani, mara nyingi kwenye ukingo uliosawazishwa karibu na bolti za kifuniko. Wengi hutuma namba ya kalibu kiwandani, wakajibiwa kwamba haimo kwenye kumbukumbu, wakakata tamaa bure.

Namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17 inaeleza ilikotoka. Ikianza na S kwa kawaida ni ya Uingereza, W ni ya Ujerumani, J ni ya Japani, na 1, 4 au 5 ni ya Marekani. Namba hizo hazina kabisa herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukidhani umeona O, andika sifuri. Magari yaliyouzwa ndani ya Japani kabla ya kuletwa kwetu yana namba fupi yenye kistari katikati. Iandike na kistari chake. Kumbuka namba hii ni ya chesisi pekee. Chesisi ya Kijerumani inaweza kubeba bodi iliyoundwa Austria na pampu ya nchi ya tatu.

Halafu kuna mtego wa galoni. Kibati kikisema 500 GPM, yaani galoni kwa dakika, uliza kwanza ni galoni za nani. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, kwa hiyo 500 ni lita 2,273 kwa dakika. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, na 500 ni lita 1,893. Tofauti ni lita 380 kila dakika, ambayo inatosha kukufanya uibomoe pampu nzima iliyo salama kwa kudhani imechakaa.

Presha nayo hutofautiana. Pampu za Kiingereza hupewa ukubwa wake kwa bar 7, yaani PSI 100, maji yakivutwa kutoka mita 3 chini. Za Kimarekani hutakiwa kutoa ujazo kamili kwa PSI 150, asilimia 70 ya ujazo kwa PSI 200, na nusu kwa PSI 250.

Fuata jina mpaka lilipohamia

Historia ya watengenezaji wa magari haya inashangaza kwa jinsi ilivyojaa miji midogo. Mfano bora ni Clintonville, mji mdogo katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Otto Zachow na shemeji yake William Besserdich walikuwa na karakana hapo. Mwaka 1908 walipata hataza ya kiungio kinachokaa ndani ya kombe la mviringo, ambacho huliwezesha gurudumu la mbele kusukumwa na injini na kukata kona wakati huo huo. Mwaka 1909 ikazaliwa kampuni ya Four Wheel Drive, inayojulikana kama FWD, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia malori yake ya Model B yalikwenda vitani kwa maelfu. Besserdich baadaye aliondoka na kushiriki kuanzisha kampuni ambayo leo ni Oshkosh, mwaka 1917.

Seagrave walianza mahali pengine. Frederic Seagrave alianza Detroit mwaka 1881 akitengeneza ngazi za kuchumia matunda. Vikosi vya zimamoto vilipozitaka, kazi ikageuka. Kampuni ikahamia Columbus, Ohio, mwaka 1891, ikakaa huko miaka zaidi ya 70. Mwaka 1963 FWD waliinunua na kuihamishia Clintonville. Na Oshkosh ile ya Besserdich ndiyo iliyonunua Pierce, kiwanda cha zimamoto cha Appleton, katika jimbo hilo hilo, mwaka 1996.

Haya yana kazi gani kwa fundi wa Ngamiani, Tanga? Kazi yake ni hii: kibati cha Seagrave kilichoandikwa Columbus, Ohio, kinakupeleka kwenye mji ambao kiwanda hakipo tena. Barua inatakiwa iende Clintonville. Ndivyo ilivyo kwa majina mengi mengine.

Ukikuta Coventry Climax kwenye pampu ya Kiingereza, hasa pampu ndogo za kubebwa na za kukokotwa, jina lililobaki hai ni Godiva, ambalo limo katika familia moja na Hale ya Marekani chini ya kampuni ya IDEX. Usiandike Coventry. Magirus alianza Ulm, Ujerumani, mwaka 1864, akaungana na Deutz, na mwaka 1975 biashara ya malori ikaingia Iveco, hivyo kwa gari la zamani la Magirus-Deutz kuna njia mbili: injini inayopozwa kwa hewa inafuata jina la Deutz, na ngazi na vifaa vya zimamoto vinafuata jina la Magirus. Ziegler wa mji mdogo wa Giengen alianza mwaka 1891 na mipira ya maji. Tangu 2013 ni mali ya CIMC ya China, lakini jina na kiwanda viko palepale. Rosenbauer, aliyeanza Linz mwaka 1866, yuko Leonding, pembeni kidogo tu ya alikoanzia. Dennis aliacha magari ya zimamoto, na jina lake leo liko kwenye mabasi, kwa hiyo gari la Dennis litafutie spea kwa jina la pampu na la injini.

American LaFrance, jina kubwa la Elmira, New York, ilifungwa moja kwa moja mwaka 2014. Hapo ndipo unapoona faida ya vibati vitatu. Kama gari la kampuni iliyokufa limefungwa pampu ya Waterous au Hale, hujapoteza kitu, maana viwanda hivyo viwili vinaendelea. Kama pampu ni ya kampuni iliyokufa yenyewe, spea itachongwa hapa hapa, na hilo linawezekana kwa vitu kama shafti, bushi na ringi za kuchakaa. Mafundi wa mashine ya leti waliozoea korona, yaani mashine za kuchakata mkonge, wanaiweza kazi hiyo. Impela, yaani gurudumu linalozunguka ndani ya pampu na kusukuma maji, ni jambo jingine: isubiwe upya kwa kalibu na isawazishwe vizuri, la sivyo itatetemeka na kula beringi.

Viwanda vya bodi vya miji midogo viliunda magari machache kwa mwaka, kila moja kwa agizo la mteja. Kwa sababu hiyo magari mawili ya mwaka mmoja, nembo moja, yanaweza kuwa na mabomba tofauti, valvu tofauti na praima tofauti. Kitabu cha spea cha gari la jirani kisikutie imani kupita kiasi.

Unapomwandikia kiwanda

Barua ya kusema tu "tuna gari lenu la zamani" hujibiwa polepole au haijibiwi. Tuma namba ya chesisi, namba ya kazi iliyo kwenye kibati cha bodi, na namba ya pampu iliyogongwa, zote kama zilivyo, na nukta zake. Ambatisha picha ya paneli nzima, picha ya pampu ikiwa na rula kando, na picha ya kila kibati. Omba vitu vitatu kwa majina: orodha ya spea, mchoro wa pampu iliyokatwa katikati, na cheti cha majaribio cha siku gari lilipotoka kiwandani. Hicho cheti cha majaribio ni dhahabu, kwa kuwa kinaonyesha injini ilikuwa inazunguka mara ngapi kwa dakika pampu ilipotoa ujazo wake kamili. Leo ukihitaji mizunguko mingi zaidi kwa maji yale yale, unajua pampu imechakaa kiasi gani.

Kapilingi kabla ya mipira

Usinunue mpira hata mmoja kabla ya kutambua kapilingi. Ya Kiingereza ya inchi 2½ inasukumwa na kujifunga yenyewe. Storz ya Kijerumani haina dume wala jike. Pande zote mbili zinafanana na hufungwa kwa kuzungusha. Ya Kimarekani ni ya thredi, na ile ya inchi 2½ ya kiwango chao ina thredi 7½ kwa kila inchi. Ya Kijapani nayo inasukumwa, lakini haiingiliani na ya Kiingereza hata kama kwa macho zinafanana.

Waulize Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mjini wanatumia ipi, kisha chonga adapta ziishie kwenye aina hiyo. Gari lisiloweza kuungana na la jeshi siku ya moto mkubwa linabaki peke yake. Adapta ziwe za bronzi au aluminiamu ya kusubu. Za bomba la chuma zilizochomelewa hukamata kutu kwa pwani yetu na hazifunguki.

Kabla ya kuwasha

Angalia tairi kwanza. Tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu ni wiki na mwaka: 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Gari la zimamoto husimama na mzigo wake siku zote, kwa hiyo tairi huzeeka hata ukiona kashata bado mpya. Lita 2,000 za maji ni tani 2 kamili, juu ya uzito wa gari. Tangi liendeshwe likiwa limejaa au tupu. Likiwa nusu, maji hukimbia upande kwenye kona na kulivuta gari, hasa kama vizuizi vya ndani ya tangi vimeliwa na kutu.

Fungua kifuniko cha tangi, ingiza tochi. Tangi la chuma lililokaa na maji machafu huwa na magamba ya kutu sakafuni, na magamba hayo yakinyonywa huingia kati ya impela na ringi. Lisafishe mpaka maji yatoke meupe kabla pampu haijazungushwa hata mara moja.

Kisha jua pampu yako imeundwa kwa chuma gani. Sumaku ikishika, ni chuma cha kusubu. Kwaruza kidogo kwa tupa mahali pasipoonekana: rangi ya manjano ni bronzi, nyeupe ni aluminiamu. Jibu hili ndilo litakaloamua kama gari lako lifanye kazi na maji ya bahari. Bronzi inayavumilia. Chuma huyavumilia ukiisafisha vizuri baadaye. Aluminiamu yenye impela ya bronzi isiwekwe bahari ila kwa dharura, kwani metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi hulana, na inayoliwa ni aluminiamu.

Zungusha pampu kwa mkono, kupitia propela shafti, injini ikiwa imezimwa. Iwe nzito kwa usawa, isikwaruze. Kama shafti inazibwa kwa pakini ya kamba, toa pakini ya zamani yote kwa ndoano, usiongeze mpya juu yake. Pakini mpya iwe ya grafiti, kila ringi ikatwe kwa mshazari wa nyuzi 45, na maungio yasikae mstari mmoja. Katani ya fundi bomba inafaa kwenye thredi za mabomba. Kwenye shafti inayozunguka hukauka, huungua na kuchubua chuma. Pakini ikishakaa, ikazwe pampu ikiwa inafanya kazi, mpaka ibaki kudondosha matone, si mfululizo. Ukiikaza hadi ikauke kabisa utaiunguza, na shafti pamoja nayo. Sili za kisasa za mitambo ni kinyume chake: hizo zikidondosha, zimekufa.

Jaribio la ukavu

Hili hufanyika bila maji, nalo hueleza mengi kuliko jaribio jingine lolote. Toa maji yote, funga valvu zote, ondoa vifuniko vya midomo ya kutolea ili valvu zenyewe ndizo zipimwe, na ziba upande wa kunyonya kwa kifuniko chake. Washa praima mpaka geji ya vakyumu ionyeshe inchi 22 za zebaki. Zima. Subiri dakika 5. Geji ikishuka kwa zaidi ya inchi 10, pampu haitashika maji vizuri.

Kutafuta hewa inapoingilia, paka povu la sabuni ya kufulia kwenye kila kiungio, lakini tazama kwa makini, maana hapa hewa inaingia ndani: povu huvutwa na kupotea, halitoi mapovu. Wahalifu wa kawaida, kwa mpangilio wa jinsi wanavyojitokeza, ni valvu ya kutoka tangini, raba ya kifuniko cha kunyonyea iliyokakamaa, vali ndogo za kumwagia maji chini ya pampu, kisha pakini. Bomba jembamba la geji yenyewe hupasuka pia na kupoteza siku nzima ya mtu. Anza nalo kama ni la shaba na lina rangi ya kijani.

Praima isiyofika inchi 22 hata baada ya kuziba kila kitu ina tatizo lake. Zile zinazotumia moshi wa ekzosi huziba masizi. Zile za umeme zenye visu vinavyozunguka hukwama kwa sababu visu vimekauka. Nyingi zina kikombe cha oili, na kikombe hicho huwa kitupu. Zisiendeshwe mfululizo zaidi ya sekunde 45, zinapata joto.

Kunyonya bahari

Tanga inakaa usawa wa bahari, na hilo ni faida. Kinachopandisha maji kwenye mpira wa kunyonya ni mgandamizo wa hewa, ambao hapa unaweza kubeba maji karibu mita 10 kwa hesabu na kama mita 7 kwa kazi halisi. Gari lile lile likipanda Lushoto, karibu mita 1,400 juu, hupoteza kama mita moja na nusu ya uwezo huo. Pampu isishutumiwe kwa kosa la mlima.

Lakini bahari yetu haisimami. Wakati wa bamvua, maji kati ya kujaa na kupwa hutofautiana kwa zaidi ya mita 3, na saa mbili za katikati ndizo zinazobeba nusu ya mabadiliko hayo. Ukianza kazi maji yakiwa nusu yanapwa, baada ya saa mbili utakuwa unanyonya zaidi ya mita moja chini ya ulipoanzia, na chujio linaweza kuwa limefichuka. Fanya majaribio siku za maji mafu, ambapo kujaa na kupwa hutofautiana kidogo, na anza saa moja kabla maji hayajajaa kabisa. Popote utakapochagua, iwe Deep Sea au kwingine ufukweni, pata ruhusa ya wenye eneo na ijulishe zimamoto, ili king'ora kisije kikaleta watu wa 114, namba ya dharura ya zimamoto, bure.

Simamisha gari mahali pagumu, vuta breki ya mkono, weka kabari mbele na nyuma ya gurudumu. Kwa pampu ya katikati inayoendeshwa na giaboksi ya kugawa nguvu, kabari ni uhai: kama kigeuzi hakijaingia sawasawa, kuingiza gia kutalisukuma gari badala ya pampu, na mbele yako kuna maji. Spidometa ikisoma mwendo na gari limesimama, nguvu imekwenda kwenye pampu.

Unganisha mipira ya kunyonya na ukaze kwa spana yake, si kwa mkono. Chujio likae angalau sentimita 60 chini ya uso wa maji, vinginevyo maji yatazunguka kama faneli juu yake na litavuta hewa. Lisiguse mchanga pia. Mahali pa kina kifupi, lifunge kwa kamba kwenye dumu tupu la lita 20 lielee nalo, na lizungushie kikapu kwa ajili ya mwani. Mpira usipande juu kuliko mdomo wa pampu mahali popote, kwa kuwa hewa hukaa kwenye nundu na haitoki.

Washa praima. Kwa mita 3, maji yafike ndani ya sekunde 30. Geji ya presha ikianza kupanda na sauti ya injini ikawa nzito, pampu imeshika maji: zima praima, fungua mdomo mmoja polepole, ndipo uongeze mafuta.

Kuanzia hapo geji ya vakyumu ndiyo inayozungumza. Kila inchi 1 ya zebaki ni sentimita 34.5 za maji. Ikipanda ghafla, chujio limeziba. Ikishuka ghafla pamoja na presha, hewa imeingia. Ukisikia kama kokoto zinazunguka ndani ya pampu, na injini inaongeza mizunguko bila presha kuongezeka, maji yanachemka ndani kwa sababu ya mvuto mkali kupita kiasi. Punguza mafuta mara moja, kwani mapovu hayo yakipasuka yanang'oa chuma kwenye impela. Na usiache pampu ikizunguka midomo yote ikiwa imefungwa. Maji yale yale yakizungushwa ndani hupata joto ndani ya dakika chache, na sili huungua. Acha bomba la kurudisha tangini wazi kidogo.

Kupima bila mashine ya kupimia

Maji yanayotoka kwenye nozeli laini hukokotolewa hivi: zidisha 0.67 kwa kipenyo mara kipenyo, kwa milimita, kisha kwa kipeuo cha pili cha presha kwa bar. Presha ni ya kwenye nozeli, si ya kwenye paneli, maana mpira nao hula presha.

Geji yako ya zamani huenda inadanganya, kwa hiyo ihakiki kwanza. Tumia nozeli ya milimita 12 kwa bar 4: hesabu inatoa lita 193 kwa dakika. Pipa la lita 200 lijae kwa sekunde 62. Likichukua sekunde 75, geji inakuambia bar 4 na ukweli ni chini ya 3. Ibadilishe, usiirekebishe.

Kisha nenda kwenye nozeli kubwa. Ya milimita 25 kwa bar 4 hutoa karibu lita 840, hivyo tatu kwa pamoja ni karibu lita 2,500, zinazotosha kuijaribu pampu ya Kiingereza ya galoni 500. Kila nozeli hiyo humsukuma mshikaji nyuma kwa nguvu ya kama kilo 40. Zifungwe kwenye vigingi, zielekezwe baharini. Endesha kwa ujazo kamili dakika 20, ukiandika kila baada ya dakika 5 presha, vakyumu, mizunguko ya injini na joto la maji ya rejeta. Pampu ikitoa chini ya asilimia 90 ya kibati na haina hewa, ringi za impela zimekwisha. Valvu zifungwe taratibu. Ukizipiga ghafla, maji hugonga na kupasua mpira au pampu.

Chumvi

Siku hiyo hiyo, kabla ya jua kuzama, pitisha maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, angalau lita 1,000 kwenye pampu, ukifungua kila mdomo kwa zamu, pamoja na bomba la kurudisha tangini, praima, na mfumo wa povu kama upo. Praima husahaulika kila mara, na ndiyo inayokufa kwanza. Suuza pia chini ya gari, breki na bolti za fremu. Mipira isuuzwe ndani na nje, ianikwe kivulini.

Fungua vali zote za kumwagia maji chini ya pampu, zungusha pampu sekunde chache ikiwa tupu ili ikauke, kisha acha vali hizo wazi na valvu za midomo nusu wazi, ili raba zisigande kwenye viti vyake. Vifuniko vya kunyonyea vikae vimelegezwa. Grisi ya maungio iwe ya kuzuia maji. Kila mwezi washa, zungusha pampu na maji baridi ya tangini kwa dakika 15, fungua na kufunga kila valvu, na andika vipimo kwenye daftari lile lile lenye namba tatu za vibati kwenye ukurasa wa kwanza.